Muuguzi na Mgonjwa Wapange Pamoja

Mwaka 1981 muuguzi Mmarekani Imogene King alitoa kitabu cha nadharia yake: muuguzi na mgonjwa wazungumze, wakubaliane lengo na njia, kisha wapime kama wamelifikia.

Tuchukue mfano wa bibi wa Mtinko mwenye presha. Akiambiwa tu, "Meza vidonge kila siku," ataitikia. Akijisikia nafuu ataacha, na kiharusi chaweza kumpata. Muuguzi amwulize, kwa Kinyaturu ikibidi: "Bibi, umeelewaje? Kitu gani kitakuzuia?" Pengine ni nauli, au kusahau. Basi wapatane: apewe vidonge vya mwezi mzima, ameze kila jioni baada ya ugali, apunguze chumvi, arudi kupimwa.

Nawe mgonjwa, usiitikie tu. Uliza, na useme ukweli.