FUNDISHO: HAGARI ALIKUWA NA JINA

Juu ya kutafuta mtoto kwa tumbo la mwanamke mwingine katika inchi ya kigeni

Masomo: Mwanzo 16:1-16, Mwanzo 21:8-21, 1 Samweli 1:1-20



Fundisho hili ni la jamaa zote, lakini zaidi ni la bwana na bibi waliokaa miaka mingi katika ndoa bila kupata mtoto. Siku hizi ndugu zetu walioko Ulaya wanaleta neno jipya. Wanasema kwamba mtu mwenye feza anaweza kwenda katika inchi nyingine, mwanamke asiyemjua akambebea mimba, na kisha miezi tisa akarudi nyumbani na mtoto wake. Wengi wanatuuliza: Je, ni kweli? Je, ni zambi? Si vizuri kujibu haraka mbele ya kuelewa. Basi tujifunze pamoja.

1. Jambo lenyewe ni nini?

Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham, Uingereza, alizaliwa mtoto wa kwanza aliyeanzishwa nje ya tumbo. Wanganga walichukua yai la mama na mbegu ya baba, wakaviunganisha ndani ya chombo, kisha wakarudisha yai lile katika tumbo la mama yuleyule. Kisha hapo waliona kwamba yai lililoungana linaweza kuwekwa hata katika tumbo la mwanamke mwingine. Mwanamke huyo tunamwita mama mbeba mimba. Yeye anabeba na kuzaa, lakini mtoto anafanana na wale waliotoa yai na mbegu.

Afrika yetu imeona jambo hili zamani. Katika mwaka 1987, mama mmoja wa Tzaneen, Afrika ya Kusini, mwenye miaka 48, alizaa watoto watatu kwa mara moja kwa ajili ya binti yake mwenyewe aliyekuwa amepoteza kizazi. Nyanya aliwazaa wajukuu wake! Hakuna uchawi hapo. Ni kazi ya wanganga, na mama yule aliifanya kwa upendo, si kwa feza.

2. Sheria za inchi hazifanani

Ufaransa ilikataza jambo hili kwa sheria ya 1994. Uingereza inalikubali, lakini toka 1985 sheria yake inakataza watu kulifanya kuwa biashara. Afrika ya Kusini inalikubali chini ya macho ya tribunali kuu: mapatano yanapaswa kukubaliwa na tribunali mbele yai halijawekwa tumboni, na mama mbeba mimba harusiwi kupokea faida ila kulipiwa gharama zake. Italia ilikuwa imekwisha kukataza. Tena mwaka 2024 iliongeza kwamba raia wake anayekwenda kulifanya inchi nyingine anaweza kuhukumiwa nyumbani.

Marekani, majimbo mengi yanalikubali kwa malipo, lakini gharama yote inapita dola 100,000. Kwa sababu ya bei hiyo, watu walianza kutafuta inchi ambamo wanawake ni maskini na gharama ni ndogo. Walikwenda India. Mwaka 2015 India ikawafungia wageni mlango, na sheria ya 2021 ikakataza malipo kabisa. Walikwenda Thailand, nayo ikawafungia wageni 2015. Walikwenda Nepal, ikafunga mwaka uleule. Wakakimbilia Kambodia, ikafunga 2016. Angalieni vizuri, wapendwa: mimba inadumu miezi tisa, na sheria inaweza kubadilika kwa siku moja. Mtoto aliyeko tumboni siku ile, nani atamjibia?

3. Watu walioumia

Mwaka 2008, bwana na bibi wa Japani walikuwa na mtoto katika tumbo la mwanamke wa India. Mbele mtoto hajazaliwa, wakaachana. Yule bibi hakumtaka tena mtoto. Baba alimtaka, lakini sheria zilimzuia kumchukua. Mtoto akakaa miezi bila pasporti, na nyanya yake ndiye aliyetoka Japani kuja kumlea mpaka karatasi zilipopatikana.

Mwaka 2014, dunia ilisikia habari ya mapacha wa Thailand waliozaliwa kwa ajili ya jamaa ya Australia. Mmoja alipelekwa Australia. Mwingine, aliyezaliwa na ulemavu unaoitwa Down, alibaki na mama mbeba mimba.

Mwaka 2018, Kambodia ilikamata wanawake zaidi ya 30 waliokuwa wakibebea wageni mimba. Walifunguliwa kwa sharti kwamba wawalee wenyewe watoto wale. Fikirini: mwanamke maskini alipokea mimba ili apate feza ya kulisha watoto wake, na mwisho akarudi kijijini na mtoto mmoja zaidi, bila malipo yale aliyoahidiwa.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Covid-19, mipaka ilifungwa. Katika hoteli moja ya Kyiv, Ukraine, watoto wachanga zaidi ya 40 walilala mistari kwa mistari wakingoja wazazi walioko ngambo. Mwaka 2022 vita ikaingia inchini humo, na watoto wengine wa namna hiyo wakafichwa chini ya nyumba kwa sababu ya mabomu.

Na hata vita isipokuwapo, karatasi peke yake inaweza kutesa. Jamaa moja ya Ufaransa ilipata mapacha kwa njia hii huko California mwaka 2000. Ufaransa ilikataa kuandika ukoo wao katika vitabu vyake. Ilikuwa mwaka 2014, watoto wakiwa na miaka 13, ndipo tribunali ya haki za watu iliyo Strasbourg iliposema kwamba haki ya watoto wale imevunjwa. Kosa la watoto lilikuwa nini? Hakuna.

4. Hagari alikuwa na jina

Sasa turudi katika Mwanzo 16. Sara alikuwa tasa. Alitaka mtoto, na kutaka mtoto si zambi. Hana naye alilia mbele ya Bwana, na Bwana hakumkemea. Lakini Sara alitafuta mtoto kwa tumbo la Hagari, mtumishi wake, mwanamke wa Misri, mgeni asiye na ndugu wa kumsemea.

Someni pole pole sura ile, kisha jiulizeni: Sara anapomsema Hagari, anamwitaje? Na Abrahamu anamwitaje? Wote wawili wanamsema kuwa mtumishi tu. Hakuna hata mmoja wao anayetamka jina lake. Wa kwanza kumwita Hagari kwa jina lake ni malaika, kule jangwani karibu na chemchemi, naye akamwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Ndani ya nyumba ile hatusomi kwamba mtu alimwuliza neno. Na katika sura ya 21, alipofukuzwa na mkate na kiriba cha maji, Mungu alisikia hata sauti ya kijana wake.

Hatusemi kwamba mambo ya leo ni sawasawa na yale. Hagari alikuwa mtumwa. Mwanamke wa leo anatia mkono katika mapatano. Lakini mtu mwenye njaa anatia mkono haraka, tena mara nyingine katika karatasi ya lugha asiyosoma. Kwa hiyo sisi mashemasi tunashika neno hili moja: mtoto asitafutwe kwa kufumba macho mbele ya mama yake mwingine. Kama hamjui jina lake, wala hali yake, wala mapenzi yake, hamjawa tayari.

5. Shauri kwa bwana na bibi

Kwanza, mwende kwa munganga wote wawili. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 anakutana na shida ya kuzaa katika maisha yake. Mara nyingi sababu iko kwa mwanaume. Bibi asibebe lawama peke yake, wala asitafutiwe mwenzake kwa siri. Nanyi wakwe, maneno yenu ya kila mwezi ni miiba, yaacheni.

Pili, ulizeni avoka juu ya sheria za inchi mbili: ile mtoto atakamozaliwa, na ile atakamoishi. Nani ataandikwa kuwa mama? Atasafiri kwa pasporti gani? Mpate jibu lililoandikwa, si ahadi ya mtu wa katikati anayetafuta faida.

Tatu, ulizeni juu ya mama mbeba mimba. Ana munganga wake na avoka wake mwenyewe? Akiugua ama akifa katika kuzaa, nani atalea watoto wake?

Ine, jiulizeni ninyi wenyewe, usiku, bila mtu mwingine: Mtoto akizaliwa kilema tutampokea? Wakiwa wawili? Tukiachana? Kama jibu moja linatetemeka, ngojeni.

Tano, msiuze shamba la jamaa wala kukopa feza msizoweza kurudisha. Kuna mlango mwingine ulio karibu. Mordekai alimlea Esta aliyekuwa yatima, na Musa alilelewa na binti wa Farao. Katika mitaa yetu yatima hawakosekani. Lakini hata huyo, mpokeeni kwa njia ya sheria na kwa kukubaliana na jamaa yake.

Mwisho, kama kati yetu kuna mtoto aliyezaliwa kwa njia hii, asiitwe jina baya. Hakuchagua njia aliyopitia. Ni mtoto kama wengine, abarikiwe kama wengine. Na nyumba isiyo na mtoto ni nyumba kamili mbele ya Mungu, mtu asiidharau.

Maswali ya kujifunza katika vikundi

1. Hagari aliulizwa na nani, na aliulizwa nini?
2. Kwa nini haitoshi kujua sheria ya inchi moja tu?
3. Katika mtaa wetu, tunasema namna gani juu ya bibi asiyezaa? Tubadilishe nini?

Bwana anayesikia sauti ya mtoto jangwani asikie na kilio cha kila nyumba inayongoja. Amina.