SABABU GANI MITI YETU INAANGUSHA MAJANI?



Mu interogasio ya biolojia tuliuliza: «Sababu gani miti mingi ya Katanga inapoteza majani yake?» Karibu kalasi nzima ilijibu: «Ni juu ya baridi.» Mmoja akaongeza na theluji. Bandugu, theluji ya wapi hapa Lubumbashi? Jibu lile mlilitoa mu kitabu kilichoandikwa kwa watoto wa Ulaya. Kwao ni kweli, miti mingi inavua majani mbele ya baridi kali kufika. Lakini sisi tuangalie kwanza miti yetu.

Ni kweli mwezi wa sita na wa saba tunatetemeka, usiku inaweza kushuka mpaka karibu digrii 5. Hata hivyo, nendeni mu pori siku zile: miti mingi ingali na majani. Inayaacha zaidi mwezi wa nane na wa tisa, wakati jua limekwisha kuwa kali. Basi baridi si sababu kubwa. Sababu kubwa ni kiu.

Kwetu mvua ni karibu milimita 1200 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya mwezi wa kumi na moja na mwezi wa tatu. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa ni kiangazi kitupu. Sasa, jani liko na matundu madogo sana, sawa vile madirisha. Kwa madirisha yale mti unavuta hewa ya kutengeneza chakula chake, na kwa yaleyale maji yanatoka. Ukiyafungua unapoteza maji, ukiyafunga unakosa chakula. Kila mti unapaswa kutafuta njia yake.

Mulombwa na jacaranda (huu si wa kwetu, ulitoka Amerika ya Kusini) inafuata njia ya kwanza: jani jepesi, lisilogharimu sana, la kutupwa kiangazi kikifika. Lakini mti hautupi ovyo. Mbele ya jani kuanguka, unarudisha ndani vitu vya faida, zaidi azoti, halafu unafunga kidonda pale jani linaposhikamana na tawi. Ni sawa mama anayehama nyumba: anatoa kwanza sufuria na matandiko, anaacha kuta tu. Rangi ya manjano mnayoiona ni nyumba iliyokwisha kuhamwa.

Mwembe na mti wa avoka mu parsele zenu inafuata njia nyingine. Jani lao ni nene, gumu, limepakwa nta. Linagharimu sana, kwa hiyo linapaswa kutumika muda mrefu ili kulipa deni. Lakini msiseme haliangukagi. Yule anayefagia chini ya mwembe kila asubuhi anajua! Majani yanaanguka kidogo kidogo, wakati mengine yangali juu, kwa hiyo mti haubaki uchi. Njo maana vitabu vya Kifaransa vinasema «feuilles persistantes», na si majani ya milele.

Kati ya njia hizi mbili miti mingi iko katikati. Mupundu na musuku, tunayokula matunda yake, inabaki na majani karibu mwaka mzima. Na kando ya mito, mu mushitu, kijani hakipotei, maana mizizi iko karibu na maji.

Sasa fumbo ambalo linanipendeza kuliko yote. Mwisho wa mwezi wa nane na mwezi wa tisa, bulongo bado ni vumbi, mvua iko mbali, lakini miti ya miombo inaanza kutoa majani mapya, mekundu sawa damu, pori zima linawaka. Maji yanatoka wapi? Yanatoka chini sana, kule mizizi mirefu inafika, na mengine yaliwekwa ndani ya shina. Wekundu ule unalinda jani changa na jua. Mti hauogopi kutumia akiba yake, maana mvua ya kwanza ikianguka, majani yake yatakuwa tayari kwa kazi.

Lakini ni wakati uleule batu wanachoma pori. Kule Ndola, ngambo ya mpaka, majaribio yalianza mwaka 1933: sehemu moja ilichomwa kila mwanzo wa kiangazi, nyingine kila mwisho wake, nyingine haikuchomwa kamwe. Moto wa mwisho wa kiangazi uliua miti, nyasi ikatawala. Pale pasipochomwa, miti ya kijani cha daima ikaanza kuingia chini ya miombo. Hapa kwetu msitu wa namna ile unaitwa muhulu, na umebaki vipande vidogo tu. Miti yake haiwezi moto kama miombo.

Tena kuna neno la makala. Mwaka jana, kandokando ya njia, nilisikia mkata miti akisema: «Ile miti ilisha kufa, hauone haina jani?» Ilikuwa mwezi wa tisa. Mimi mwenyewe sikujibu, nilipita, na wiki mbili nyuma yake pale palikuwa visiki tu. Na wale wanaopenda uyoga wa pori wajue: uyoga mwingi tunaonunua wakati wa mvua unaishi pamoja na mizizi ya miombo. Miti ikiisha, uyoga nao hautoki.

ZOEZI. Mwezi wa saba kila mmoja achague mti mmoja usio wa matunda, auandikie tarehe: jani la kwanza kuwa manjano, siku ya uchi (kama iko), jani jipya la kwanza, mvua ya kwanza. Mti ukikosa majani, kwangueni gamba la kitawi kidogo kwa ukucha. Chini yake mkikuta kijani na majimaji, kitawi ni kizima. Daftari zitakusanywa mvua ikianza.