Mishipa ya utando wa buibui miguuni: tiba ipo bila kisu

Ndugu zangu Waislamu, leo tuzungumzie mistari myembamba, myekundu au ya bluu, inayojitokeza mapajani na kwenye vifundo vya miguu mithili ya utando wa buibui. Akina mama wengi huipata wakati wa ujauzito. Wapo wanaoificha, na wapo wanaochanjwa au kuumikwa chuku juu yake kwa kuambiwa kuwa ni damu chafu.

Damu hiyo si chafu. Mishipa inayorudisha damu kwenye moyo ina vali ndogo zinazoizuia isirudi chini. Zikilegea, damu hutuama na mshipa hutanuka. Sababu ni kurithi, mimba, umri, unene na kusimama kwa muda mrefu. Mistari isiyozidi upana wa milimita 1 kwa kawaida haina madhara, na ile ya ujauzito mara nyingi hufifia ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua. Asiye na maumivu halazimiki kutumia fedha za nyumbani kuitibu.

Anayehitaji tiba ana njia hizi:

1. Kutembea kila siku, kupunguza uzito, na kuinua miguu wakati wa kupumzika.

2. Soksi maalumu za kubana. Hupunguza uzito na uvimbe wa miguu, lakini haziondoi mistari. Huvaliwa asubuhi, miguu ikiwa bado haijavimba. Ukizivua kwa ajili ya udhu, kausha miguu vizuri kabla ya kuzivaa tena. Mwenye kisukari apimwe kwanza mzunguko wa damu miguuni.

3. Sindano. Dawa kama polidokanoli huingizwa ndani ya mshipa, kuta zake zikashikana, nao ukafifia kwa wiki kadhaa. Huenda ikarudiwa. Yaweza kuacha madoa ya kahawia, na mara chache kidonda au damu kuganda. Mjamzito asubiri hadi ajifungue.

4. Mwanga wa leza, kwa mistari midogo sana.

Mwanamke aanze kwa kumtafuta tabibu wa kike. Akikosekana, asiache tiba anayoihitaji. Sheria yetu ina nafasi kwa mwenye haja.

Hijama ni Sunna, lakini ina mahali pake. Kamwe usikubali wembe juu ya mshipa uliovimba, kwani unaweza kutoa damu nyingi. Likitokea hilo, lala chini, inua mguu juu kuliko moyo, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 hadi 15 bila kuachia, kisha nenda hospitali.

Nenda pia ukiona mshipa mnene kama kamba, ngozi ya kifundo kuwa nyeusi, au kidonda kisichopona. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, nenda siku hiyo hiyo, maana huenda damu imeganda ndani.

Mwili ni amana. Allah atujaalie afya njema. Amin.