Tuzo na Adhabu Katika Nyumba Yenu

Mnaosafiri kati ya Nakuru na Eldoret mnaijua Salgaa, wanakopumzika madereva wa malori ya masafa marefu. Mteremko wa kutoka Sachangwan ni mkali, na madereva wengine hutoa gia wakaliacha lori lijiendee, ili kubania dizeli. Ajali nyingi za pale zimehusishwa na tabia hiyo. Mbona hawaachi? Kwa sababu tuzo huja papo hapo, kila safari. Adhabu huja mara moja, nayo mara nyingi ni kifo.

Hivyo ndivyo tabia inavyojengeka. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike aliwafungia paka ndani ya visanduku; paka aliyebahatika kufungua mlango alikuta chakula nje, na kila aliporudishwa alizidi kufungua upesi. Baadaye B. F. Skinner, akiwachunguza panya, aliona kwamba adhabu hulizuia tendo kwa muda tu.

Sasa tuingie kwako. Mume dereva amekaa barabarani siku kumi. Kabla hajavua viatu anaulizwa karo, deni la dukani, na kwa nini alizima simu. Mama, maswali yako ni ya haki. Lakini kosa la simu ni la juzi. Alilolifanya sasa hivi ni kurudi nyumbani, na hilo ndilo unaloliadhibu. Safari ijayo atalala Salgaa, penye chakula moto na mtu wa kumchekea. Mpe maji ya kuoga, ale, watoto wamzunguke. Hesabu zifanyike asubuhi, na zifanyike kweli.

Nawe baba, usijifiche nyuma ya gazeti. Mkeo akiomba kwa upole unanyamaza. Akipiga kelele ndipo unatoa pesa. Nani aliyemfundisha kelele?

Kuna nyumba moja ambayo ushauri huu hauifai. Mume anapiga, kesho yake analeta kitenge na machozi. Kitenge kile kinamfundisha mke kuvumilia, na ukimya wa mke unamfundisha mume kwamba kipigo hakina gharama. Dada, hapo usitafute maneno matamu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 kuhusu ukatili wa nyumbani inakuruhusu kuomba mahakamani amri ya kukulinda, hata kama ndoa yenu bado ipo.