DARSA YA RAMADHANI, SIKU YA 11: Mgeni aliyemwambia mwenyeji wake alale



Ndugu zangu, alhamdulillah, kumi la kwanza limeshatupita. Leo tukae na kisa cha Salman Al-Farsy na Abu Dardaa (r.a.), kimo katika Sahihi ya Bukhari. Wengi tunakijua, ila tunakumbuka mwisho wake tu.

Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha udugu wawili hawa. Siku moja Salman akaenda kumtembelea nduguye. Akamkuta Ummu Dardaa, mke wa mwenyeji, kavaa nguo zilizochakaa, hajijali. Akamuuliza ana nini. Bibi akajibu kwamba nduguyo Abu Dardaa hana haja na dunia. Basi, hakuongeza neno.

Tusimame hapo kidogo. Mume yule hakuwa mtu wa kijiweni. Mchana anafunga, usiku anasimama kuswali. Lakini pengo lilishaonekana nyumbani, kwenye nguo za mkewe, kabla yeye mwenyewe hajaliona.

Abu Dardaa akaja, akatengeneza chakula, akamkaribisha mgeni, akasema yeye kafunga. Salman akagoma kula mpaka mwenyeji naye ale. Akala. (Hiyo ilikuwa funga ya sunna jamani, asije mtu akamfungulia mgeni mchana wa Ramadhani akasema kasikia kwenye darsa!) Usiku Abu Dardaa akataka kuinuka kuswali, Salman akamwambia alale. Akalala. Akataka kuinuka tena, akaambiwa alale. Usiku ulipofika mwishoni, Salman akamwamsha, wakaswali wote wawili. Ndipo akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, basi ampe kila mmoja haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), akasema Salman amesema kweli.

Sasa tusidanganyane. Ikiwa swala za sunna zenyewe hazikuwa udhuru wa kuisahau nyumba, mpira utakuwaje udhuru? Keram je?

Nataja keram kwa sababu ndio ugonjwa wangu. Naupenda mchezo huu toka utotoni. Ramadhani moja miaka ya nyuma, taraweh ikisha saa tatu, mimi moja kwa moja barazani. Kete moja, mara ya pili, mara saa nane usiku. Narudi najitupa kitandani, naamshwa daku ipo mezani. Mwenzangu kaamka saa tisa na nusu peke yake, na mchana alishinda na watoto, na jioni alipika futari. Nilikuwa najisemea moyoni, si nafanya haramu, sichezi kamari, nafsi ina haki yake. Usiku mmoja mtoto alikuwa na homa, simu yangu nimeizima nisisumbuliwe. Nilipoingia hakugomba. Alisema tu, "Wewe unafunga, na mimi nafunga."

Maneno hayo yalinikaa kuliko mawaidha yote ya mwezi ule.

Sikuacha keram. Hili nalisema makusudi, maana wapo wanaodhani mtu mzima anatakiwa kuzika kila anachokipenda. Nimewaona walioacha kila kitu, mazoezi, kusoma, kuvua samaki, kisha hasira yake wanailipa watoto. Salman aliitaja nafsi kuwa mwenye haki. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe, pamoja na mzigo wa umma wote, alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.) safarini. Tulichofanya sisi ni kukaa na kupanga. Barazani Ijumaa na Jumamosi, mwisho saa tano, simu wazi. Daku siku hizo mbili napika mimi. (Mayai yangu si mabaya, ingawa watoto wana maoni yao.)

Halafu kuna upande ambao sisi wanaume tunauruka. Tukisikia nafsi ina haki, kila mmoja anaifikiria yake. Dada mmoja wa darsa ya wanawake aliniambia aliacha kusoma tajwidi miaka mitatu kwa sababu ya watoto wadogo, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumuuliza kama anatamani kurudi. Si kwamba alikatazwa. Hakuulizwa. Nafsi yake nayo ni nafsi. Alipokuja kusema mwenyewe, mumewe alikubali kukaa na watoto saa moja na nusu kila Jumapili, na leo hii yuko Juzuu Amma anairekebisha herufi kwa herufi.

Leo baada ya futari, kabla hujavaa kanzu kutoka, muulize mwenzako swali moja: kuna kitu chako ulichokiacha kwa ajili yetu? Kisha nyamaza, umsikilize. Usianze kujitetea.

Allah atukubalie swaumu zetu na atutilie baraka katika nyumba zetu. Amin. Tukutane taraweh inshallah.