Somo juu ya Amri ya Tano: Je, ni dhambi kukubali kupunguzwa matiti na daktari?



Katika Amri ya Tano tumekwisha kujifunza kwamba Mungu atukataza kuua na kujeruhi, naye atuamuru kuutunza mwili wetu na mwili wa jirani. Leo twajibu swali lililotoka kwenu wenyewe. Ni swali la akina mama, lakini wanaume wasizibe masikio; mwishoni wataona kwamba lawahusu sana. Wala tusione haya. Titi ni kazi ya Mungu. Mwana wa Mungu mwenyewe, alipofanyika mtu, alinyonyeshwa na Mama yake Bikira Maria.

1. Habari ya mama mmoja

Mama mmoja wa mwaka wa pili aliacha kuja katika mafundisho. Mimi nilidhani amelegea. Mke wangu akaenda kumwamkia, akarudi na habari nyingine. Tangu uzazi wa tatu matiti ya mama huyo yalikua kupita kiasi, wala hayakurudi. Uzito wake wamvuta shingo na mgongo mchana na usiku. Chini yake ngozi yachubuka kwa jasho. Akiinama kulima, hadumu. Akivaa kamba ya mzigo kwenye paji la uso ili abebe kuni mgongoni, pumzi yamkatika. Tena kila apitapo njiani vijana wamcheka, na wengine wanong'ona kwamba amerogwa.

Daktari wa hospitali alikuwa amemwambia kwamba iko njia ya kupasua na kupunguza. Ndipo jirani akamtisha: « Ukikatwa mwili alioumba Mungu, Padri hatakubatiza. » Mama akaniletea swali kwa kinywa cha mke wangu: « Mwalimu, nichague daktari, ama nichague ubatizo? »

Nami, nakiri mbele yenu, nilijibu upesi kuliko nilivyofikiri. Nilimpelekea neno hili: « Mama, vumilia, huo ndio msalaba wako. » Jumamosi nilipomwarifu Padri, aliniuliza: « Mwalimu, mwaka jana ulipoumwa jino, ulilichukua kama msalaba, ama ulikwenda kung'olewa? » Nikanyamaza. Basi somo hili ni malipo ya kosa langu.

2. Mafundisho ya Eklezia

Mwili wetu si mali yetu ya kutumia tupendavyo. Mtume Paulo awafundisha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Sisi ni wasimamizi tu. Lakini msimamizi mwema hufanya nini akiona paa limeelemea ukuta mpaka ukuta wapasuka? Haachi nyumba ianguke, akisema ndivyo ilivyojengwa. Apunguza nyasi za paa, ili nyumba yote isimame. Vivyo hivyo kila kiungo ni kwa ajili ya mwili mzima.

Papa Pius XII alilieleza jambo hili mbele ya madaktari tarehe 8 Oktoba 1953. Alifundisha kwamba kiungo chaweza kukatwa, hata kama chenyewe hakina ugonjwa, mambo matatu yakipatikana: kwanza, kiungo kile chauletea mwili mzima madhara makubwa, pili, madhara hayo hayawezi kuondolewa wala kupunguzwa vema kwa njia nyingine, tatu, kuna tumaini la haki kwamba faida itashinda hasara. Tena tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano tu kabla ya kufa kwake, alinena na madaktari watengenezao maumbo ya watu kwa kupasua. Aliwaambia kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, lakini si jema lipitalo yote. Na kazi yao ni halali ikiwa nia ni njema, afya haitiwi katika hatari kubwa, na sababu ni ya kutosha.

Mtakatifu Agata wa Catania, kadiri ya mapokeo, alikatwa matiti na watesi wake kwa kuichukia imani yake. Sikukuu yake ni 5 Februari, na wagonjwa wa matiti humwomba awaombee. Kisu cha mtesi na kisu cha daktari vyote vyakata. Kimoja chaendeshwa na chuki, cha pili na huruma. Kwa hiyo tusiseme kila kukata ni kuharibu kazi ya Mungu.

3. Mambo matatu ya kupima

La kwanza: taabu ni ya kweli na nzito? Maumivu ya mgongo, shingo na mabega yasiyokoma, vidonda vya ngozi virudivyo kila mara, kushindwa kazi na usingizi: hizo ni taabu za kweli. Hata uchungu wa moyo, umfanyao mtu ajifiche asionekane na watu, haufai kudharauliwa. Lakini atakaye kupasuliwa ili tu afanane na picha za warembo, au ampendeze mtu amdharauye, na afikiri tena.

La pili: njia nyepesi zimejaribiwa? Sidiria yenye mikanda mipana, iliyo ya kipimo chake, huwapa wengine nafuu. Ngozi ioshwe, ikaushwe vizuri, ipakwe dawa ya hospitali. Aliye mnene sana ajitahidi kupunguza unene. Njia hizo zikishindwa, ndipo ufikiriwe upasuaji. Wala asiende kwa mfumu kuchanjwa chale: huko hakuna nafuu, kuna vidonda na uongo. Tena daktari apime kama hakuna ugonjwa mwingine ndani. Uvimbe mgumu, titi moja likualo ghafula, ngozi igeukayo kama ganda la chungwa, chuchu itoayo damu: mwenye alama hizo asingoje hata juma moja, aende hospitali.

La tatu: faida yapita hasara? Hapa mama asione haya kuuliza yote. Mgonjwa hulazwa usingizi wa dawa. Kwa muda wa saa 2 mpaka 4 hivi daktari aondoa sehemu ya nyama, mafuta na ngozi, na kuinua chuchu mahali pake. Wengi hupata nafuu kubwa ya mgongo na mabega. Lakini makovu hayafutiki kabisa, na kwetu sisi watu weusi kovu laweza kuvimba na kuwa nene. Damu yaweza kutoka kupita kiasi, na kidonda chaweza kuoza. Chuchu yaweza kupoteza hisia.

Kuna na jambo la mtoto. Baada ya upasuaji mama wengine hunyonyesha, wengine hupata maziwa kidogo, wengine hawapati kabisa. Chuchu ikiachwa imeshikamana na njia zake za maziwa, tumaini lipo. Ikiondolewa na kushonwa upya, titi lile halitanyonyesha tena. Mimba ya baadaye yaweza pia kuyakuza matiti mara ya pili. Anyonyeshaye angoje mpaka mtoto aache ziwa, tena miezi kadhaa ipite. Msichana ambaye mwili wake wakua bado, kwa kawaida angoje ukomae. Taabu ikizidi, wazazi wampeleke kwa daktari, wasimfiche ndani.

Mwisho, kwa muda wa majuma 4 mpaka 6 hivi hatabeba maji, wala kuni, wala mtoto mzito. Basi kabla ya kuamua ajiulize: nani atabeba badala yangu?

4. Nani aamue?

Mwenye mwili ndiye aamuaye, mbele ya Mungu na dhamiri yake. Daktari aeleze, lakini asilazimishe. Mume ashauriane na mkewe kwa upendo: asimkataze kwa kuogopa maneno ya watu, wala asimsukume kwa kutamani umbo jingine. Mama mkwe atoe shauri, asitoe amri. Katekista naye afundishe sheria ya Mungu, wala asijifanye daktari, kama nilivyofanya mimi. Mama wawili wenye taabu moja waweza kuamua mbalimbali, mmoja akapasuliwa na mwenzake akakataa kwa kuwa atazamia kunyonyesha tena, na wote wawili wasiwe na dhambi.

Nanyi vijana wanaume, lipo neno lenu. Katika habari hii ya mama, dhambi iko wapi? Haiko hospitalini. Iko njiani, katika vinywa vya wachekao. Amcheka mwenzake kwa umbo la mwili, amjeruhi pasipo kisu. Naye avunja Amri hii ya Tano tunayosoma leo.

5. Mwisho wa habari

Nilikwenda pamoja na mke wangu kwa mama yule, nikayaondoa maneno yangu mbele ya mumewe, nikamwomba msamaha. Akasema: « Mwalimu, sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka tu. » Wamepima yote, mume na mke. Mtoto wao wa mwisho anyonya bado; watangoja aache ziwa na miezi ipite, kisha waende wakati wa kiangazi, kazi za shamba zikiwa chache na dada zake wakiweza kumchotea maji. Jumapili iliyofuata mama alirudi katika mafundisho. Akaa sasa kwenye benchi la mwisho, mgongo wake ukiegemea ukuta. Mahali pale asiondolewe na mtu.

Maswali ya kushika kwa moyo

S. Mwili wetu ni wa nani?
J. Ni wa Mungu. Sisi ni wasimamizi, yatupasa kuutunza kwa akili.

S. Je, ni dhambi kukubali kupunguzwa matiti?
J. Hapana, ikiwa taabu ni nzito, njia nyepesi zimeshindwa, na faida yatumainiwa kupita hasara.

S. Je, ni dhambi kupokea usingizi wa dawa?
J. Hapana. Papa Pius XII aliwajibu madaktari mwaka 1957 kwamba ni halali kuzuia maumivu kwa dawa.

S. Je, aliyepasuliwa aweza kubatizwa?
J. Aweza. Makovu ya mwili hayazuii neema. Kinachozuia ni dhambi isiyotubiwa.

S. Asiyetaka kupasuliwa atenda vibaya?
J. Hapana, yuko huru. Asilazimishwe, asidharauliwe.

Azimio la juma hili: nitamtembelea mgonjwa mmoja au mwenye taabu ya mwili, nimsaidie kazi moja ya mikono, nisimwulize habari za ugonjwa wake asipotaka kuzisema.