Tume ya Vyuo Vikuu

Mzazi anauza pamba. Anauza na ng'ombe. Fedha zote ni za mtoto anayekwenda chuo kikuu. Je, chuo hicho kina walimu wa kutosha? Kina maktaba? Mzazi aliye kijijini atajuaje?

Kuna watu wa kukagua. Hao ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, chombo cha serikali kilichoanza mwaka 2005. Kabla yake, tangu mwaka 1995, lilikuwako Baraza la Ithibati. Ithibati ni kibali kwamba chuo kimekaguliwa na kinafaa.

Zamani vyuo vikuu vilikuwa vichache, tena vya serikali. Baadaye mashirika ya dini na watu binafsi nao wakafungua vyao. Ni jambo jema, lakini vyuo havilingani.

Tume huishauri serikali. Pia ina meno. Mwaka 2017 ilivizuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wapya.

Majina ya vyuo vinavyotambuliwa hutangazwa. Mwambie mtoto alitafute jina la chuo chake kabla ya kulipa ada. Aliyesoma nchi za nje naye hupeleka cheti chake kwa Tume kitambuliwe.